Filamu za Wayahudi na Sikio la Mswahili

Naandika kutoka Gongoni, mjini Tabora, ambako miembe imekwisha kuchanua na mvua bado haijatuma habari. Leo sina diwani ya kuhakiki, wala sina ugomvi na mtu juu ya vina na mizani. Nimekuja na jambo ambalo baadhi yenu mtaliona geni katika ukumbi huu, nalo ni filamu.

Mwezi uliopita kijana mmoja mshairi, niliyemfundisha zamani, alinipitia barazani akaniuliza swali. Alisema kwamba kila kijiwe alichokaa tangu Oktoba 2023 watu hubishana juu ya Wayahudi, Waisraeli na Wapalestina, na kila mbishi hunena kana kwamba alizaliwa Yerusalemu. Yeye alitaka kuwajua watu hao kwa njia ya sanaa kabla hajawatungia shairi la kuwasifu au la kuwalaani. "Mwalimu," akaniuliza, "nitazame nini?"

Nilimtajia filamu nne tano, akaaga akaenda zake. Usiku ule sikulala vizuri, maana nilijua sikumjibu sawasawa. Nilimpa orodha, ilhali mwanafunzi wangu alistahili kupewa msimamo. Basi naueleza hapa. Zipo filamu na tamthilia nyingi nzuri za Wayahudi na za Waisraeli, lakini sisi watu wa lugha tunazo sababu zetu za kuzitazama, na sababu hizo hazisemwi vijiweni. Ndani ya kazi hizo mna visa vya watu waliopokonywa lugha, watu waliofufua lugha, na watu waliokimbia na lugha moja wakapokewa na nyingine. Na mojawapo ya lugha zilizowapokea ni hii yetu. Kwa hiyo nashauri tuzitazame kwa sikio kwanza, macho yafuate.

Mkimbizi aliyepokewa na Kiswahili

Anzeni na Nirgendwo in Afrika, filamu ya Kijerumani ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Caroline Link. Wengi waijua kwa jina lake la Kiingereza, Nowhere in Africa. Ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Imetokana na riwaya ya Stefanie Zweig iliyotoka mwaka 1995, na riwaya yenyewe imetokana na maisha yake. Zweig alizaliwa mwaka 1932 huko Silesia ya Juu, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Ujerumani. Familia yake ya Kiyahudi iliikimbia serikali ya Hitler mwaka 1938 ikaja Kenya, ikarudi Ujerumani mwaka 1947.

Katika filamu, baba ni Walter Redlich, wakili ambaye sheria za Wanazi zimemnyang'anya kazi. Anakuja Kenya kusimamia shamba la mzungu mwingine, akaugua malaria, akauguzwa na mpishi Mjaluo aitwaye Owuor. Kisha mkewe Jettel na binti yao Regina wanamfuata. Mume alimwandikia mkewe alete jokofu. Mke akanunua gauni la dhifa. Anafika katika nyika isiyo na maji na sahani za thamani na gauni la kuchezea dansi, na hataki kujifunza neno hata moja la nchi iliyomwokoa. Anamwamrisha Owuor kana kwamba mpishi ndiye aliyepaswa kujua Kijerumani. Hapo mumewe anamwambia jambo zito: kwamba namna anavyomtendea Owuor haina tofauti na namna baadhi ya watu kule Ujerumani walivyowatendea wao.

Nataka msomaji alitafakari hilo. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya ukoo wake anaweza kushuka melini na dharau ile ile iliyomfukuza, akiwa ameifungasha pamoja na sahani. Na dalili ya kwanza ya dharau hiyo ni kukataa lugha ya mwenyeji. Mtoto Regina, ambaye bado hajajifunza kudharau, anakipokea Kiswahili kama mtoto apokeavyo muwa. Punde si punde anacheka kwa Kiswahili na kuulizia mambo ya mizimu na mvua kwa Kiswahili. Mama naye anabadilika polepole, na kipimo cha kubadilika kwake kimo kinywani. Kadiri miaka inavyopita, Kiswahili chake kinatoka katika amri kinaingia katika mazungumzo.

Mswahili wa pwani, au hata wa hapa Tabora tuliorithi Kiswahili cha misafara, atakunja uso asikiapo baadhi ya maneno ya filamu hii. Kiswahili cha mashamba ya walowezi wa Kenya kilikuwa na jina lake, Kisetla. Ngeli zilikuwa zimekatwa kama mkia wa mjusi, vitenzi vimebaki vya kuamuru, na adabu ya lugha haipo. Hakikuwa Kiswahili kibovu kwa bahati mbaya tu. Kilikuwa Kiswahili cha mtu asiyetaka kuongea na mwenyeji zaidi ya kumtuma. Kwa mwalimu wa isimujamii hakuna somo bora. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba sarufi hubeba uhusiano wa watu, waonyeshe filamu hii, waorodheshe nani anamwamrisha nani, kwa vitenzi gani, na ni lini mtu anaanza kusema "tafadhali".

Sisemi kwamba filamu haina ila. Owuor, aliyeigizwa na Mkenya Sidede Onyulo, ndiye roho ya kisa kizima, lakini tunaambiwa machache mno juu ya mambo yake mwenyewe. Tunajua anavyowapenda Redlich; hatujui vya kutosha anavyowaza juu yao akiwa peke yake. Anatumikia, anasubiri, anaondoka. Natamani siku moja mwandishi wa Kisumu au wa Tabora aandike kisa hicho hicho kwa kinywa cha Owuor. Hapo ndipo tungekuwa na vitabu viwili vinavyotazamana.

Kuna jambo jingine dogo lililonishika. Silesia ya Juu aliyozaliwa Stefanie Zweig ndiyo aliyozaliwa mtu mwingine aliyekanyaga mitaa yetu hii. Huyo ni Eduard Schnitzer, mwana wa familia ya Kiyahudi, aliyezaliwa Oppeln mwaka 1840 akabatizwa angali mtoto. Alikuwa daktari, akaingia katika utumishi wa Waturuki na wa Misri, akajiita Emin, akawa gavana wa Ikweta na kupewa cheo cha pasha. Mwaka 1890 alifika Tabora kwa njia ya msafara akapandisha bendera ya Ujerumani. Mwaka 1892 aliuawa Kongo. Mji wetu umepitiwa na watu wengi katika njia ile ya Bagamoyo hadi Ujiji, na si wote waliokuja kwa heri. Mmoja wa ardhi ile alikuja kutupandishia bendera, na miaka hamsini baadaye mwingine, binti mdogo, alikuja Afrika Mashariki kuomba hifadhi. Historia haikumpa mtu wa jamii moja sura moja tu, na mshairi asiyekumbuka hilo atatunga kauli za kijiwe zenye vina.

Entebbe, au filamu zisizo na sikio

Sasa niseme juu ya filamu ambazo jirani zetu huzijua zaidi, zile za Entebbe. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv ilitekwa nyara ikapelekwa Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli wakavamia uwanja wa Entebbe na kuwaokoa mateka walio wengi. Kabla mwaka haujaisha, Marekani walikwisha kurusha filamu ya televisheni, Victory at Entebbe. Mapema mwaka 1977 ikafuata Raid on Entebbe, na mwaka huo huo Waisraeli wakatoa ya kwao, iliyoongozwa na Menahem Golan, Operation Thunderbolt. Mwaka 2018 ikaja nyingine, iliyoongozwa na Mbrazili José Padilha.

Zitazameni, lakini mjue mnachotazama. Mimi mwaka 1978 nilikuwa binti wa sekondari. Nakumbuka redio ikitangaza kwamba Amin amevamia Kagera, na nakumbuka treni zilizopita hapa zikiwa zimejaa vijana wetu. Sihitaji mtu wa Hollywood anieleze Idi Amin alikuwa nani. Ninachodai ni kwamba katika filamu hizo zote Mganda ni kivuli chenye bunduki. Anaonekana gizani, anapigwa risasi, anaanguka, na hatumsikii akisema na mwenzake neno moja la Kiganda, la Kiacholi au la Kiswahili, ilhali Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi la Uganda. Askari wale walikuwa na mama zao. Asiyepewa lugha katika hadithi hapewi kifo pia, huhesabiwa tu.

Kisa cha Wayahudi wa Uganda wenyewe, Abayudaya wa Mbale, hakijapata hata sehemu ya umaarufu huo. Waliifuata dini hiyo mwaka 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu, na wakati wa Amin ibada yao ilipigwa marufuku. Mwaka 2003 ilitoka albamu ya nyimbo zao, ambamo zaburi zaimbwa kwa Kiganda na kwa lugha nyingine za kwao. Mshairi asikilize zile. Atasikia jinsi maneno ya kale yanavyokubali kuvaa mizani ya Kiafrika bila kulalamika.

Lugha iliyofufuka na lugha iliyouawa

Msomaji wa ukumbi huu anajua tulivyohangaika na istilahi. Baraza letu la Kiswahili limekuwapo tangu 1967, na bado twabishana kama ni runinga au televisheni, kishikwambi au tableti. Basi mkitazama filamu ya Kiisraeli mkumbuke kwamba mnaisikia lugha ambayo kwa karne nyingi ilisomwa na kusaliwa, lakini haikuwa lugha ya mtoto kumwomba mama maji. Eliezer Ben-Yehuda alihamia Yerusalemu mwaka 1881 akaapa kwamba nyumbani kwake kitasemwa Kiebrania tu. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1882, ndiye anayetajwa kuwa mtoto wa kwanza wa zama hizi kukipata Kiebrania kama lugha ya mama. Baba alibuni maneno ya vitu vya kila siku, hata neno la "kamusi" lenyewe. Lugha ilianzia mezani pa familia moja. Chuo cha taifa cha lugha hiyo hakikuundwa hadi 1953. Somo la kwetu liko wazi, na nitalirudia mwishoni.

Lakini kila ufufuo una kaburi pembeni yake. Wayahudi wengi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa na lugha yao ya nyumbani, Kiyidi, yenye malenga, magazeti na michezo ya kuigiza. Hitler aliwaua Wayahudi milioni sita, na wengi wa hao walikuwa wasemaji wa Kiyidi. Waliobaki na kuhamia Israeli waliambiwa waiache lugha hiyo ya unyonge. Ndiyo maana nilishangaa na kufurahi nilipotazama Shtisel, tamthilia iliyoanza mwaka 2013, juu ya familia moja ya watu wa dini mjini Yerusalemu. Hakuna bunduki ndani yake. Kuna mzee Shulem, mwalimu mkali mwenye maneno makavu na tumbo lisilokataa chakula, na mwanawe Akiva, ambaye badala ya kuoa kama alivyopangiwa, anachora picha. Kiebrania na Kiyidi vinapishana kama Kiswahili na Kinyamwezi vilivyopishana katika ua wa mama yangu: hiki cha kazi, kile cha moyoni. Bibi wa familia hiyo, akiwa katika nyumba ya wazee, anapata televisheni kwa mara ya kwanza maishani na kuzama katika tamthilia za kidunia, hata mwanawe anafadhaika. Nilicheka nikajikumbuka mwenyewe, maana na mimi kompyuta nimeletewa na mjukuu.

Baada ya hiyo tazameni Unorthodox ya mwaka 2020, yenye sehemu nne tu, ambamo msichana anaikimbia jamii yake ya New York. Sehemu kubwa yasemwa kwa Kiyidi. Hapa lugha ya mama ni ukuta pia. Sitaki tudanganyane kwamba lugha ya nyumbani daima ni maziwa na asali. Yaweza kumfungia binti ndani. Kazi nzuri ya sanaa hukuonyesha yote mawili.

Kwa atakaye kucheka na kusikitika kwa pamoja, ipo The Band's Visit ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Eran Kolirin. Bendi ya polisi kutoka Alexandria, Misri, imealikwa Israeli kupiga muziki katika mji wa Petah Tikva. Kwa kuwa Kiarabu hakina sauti ya p, wanajikuta wamepelekwa Bet Hatikva, kijimji cha jangwani kisicho na hoteli wala shughuli. Sisi tunaotoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma tunaelewa mara moja, maana r na l zimekwisha kutupeleka kusikotarajiwa, na wakati wa uchaguzi kupiga kura na kupiga kula ni vichekesho vya kila kituo. Usiku mmoja Wamisri na Waisraeli wanalala nyumba moja, na kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania haviwakutanishi, wanasema Kiingereza cha kuokoteza. Filamu hiyo ilikataliwa kushindania Oscar ya lugha ya kigeni kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kingi mno ndani yake. Yaani walihukumiwa kwa kosa la kutafuta lugha ya kuelewana!

Na kwa sababu twaishi Afrika Mashariki, msiache zile za Wayahudi wa Ethiopia. Va, vis et deviens, filamu ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Radu Mihaileanu, yahusu mtoto Mkristo wa Ethiopia katika kambi ya wakimbizi nchini Sudani mwaka 1984. Mama yake, ili amwokoe na njaa, anamsukumiza ajiunge na Wayahudi wanaopelekwa Israeli kwa siri. Mtoto anakua na jina la kupewa, dini ya kupewa na lugha za kupewa, Kiebrania na Kifaransa, huku akimtafuta mzee wa Kiethiopia amsaidie kumwandikia mama yake barua kwa Kiamhari. Barua ile katika lugha ya mama ndiyo uzi pekee uliobaki. Ipo pia Fig Tree ya mwaka 2018, ya mwongozaji Aäläm-Wärqe Davidian, mwanamke aliyezaliwa Ethiopia, juu ya msichana wa Addis Ababa mwaka 1989 ambaye familia yake yajiandaa kuhamia Israeli huku mpenzi wake akiwindwa kupelekwa vitani. Hapa tofauti na Entebbe yaonekana wazi: Mwafrika mwenyewe ameishika kamera, na watu wake wanasema.

Pingamizi la jirani yangu

Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, hukaa nami barazani baada ya sala ya alasiri. Aliposikia ninaandika haya alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, Gaza watoto wanakufa, nawe unatuandikia filamu za Waisraeli?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, swali lako ni la haki, nami sitalikwepa."

Nchi yetu haikuwa kando ya jambo hili. Tulivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, ukarudi katika miaka ya 1990. Oktoba 7, 2023 vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kule kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la Hamas. Katika vita vilivyofuata Wapalestina kwa makumi ya maelfu wameuawa Gaza. Sioni mizani ya kupima msiba wa mama huyu na wa mama yule, na mtu anayedai anayo simwamini.

Nilichomwambia mzee ni kwamba baadhi ya filamu kali kuliko zote dhidi ya dhuluma hiyo zimetengenezwa na Waisraeli wenyewe, mara nyingine wakishirikiana na Wapalestina. Waltz with Bashir ya mwaka 2008, ya Ari Folman, ni filamu ya kuchorwa juu ya askari anayeitafuta kumbukumbu yake ya vita vya Lebanoni vya 1982. Mwishoni michoro inakoma, na tunawasikia wanawake halisi wa Sabra na Shatila wakilia. The Gatekeepers ya mwaka 2012 imewahoji wakuu sita wa zamani wa idara ya usalama wa ndani, na wanasema mambo ambayo mpinzani wa mtaani angeogopa kuyasema. 5 Broken Cameras ya mwaka 2011 ni ya mkulima Mpalestina, Emad Burnat, akiwa pamoja na Mwisraeli Guy Davidi. Kamera tano zimevunjika mikononi mwake akirekodi kijiji chake. Na No Other Land, iliyopata Oscar ya filamu za hali halisi mwaka 2025, ni kazi ya Wapalestina wawili na Waisraeli wawili juu ya vijiji vinavyobomolewa vya Masafer Yatta. Sikilizeni humo jinsi mwandishi habari wa Kiisraeli, Yuval Abraham, anavyosema Kiarabu na wenyeji. Amejifunza lugha ya mtu ambaye dola yake inambomolea nyumba. Jettel alichukua miaka kufika hapo.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi hiyo ya kamera tano nitaitazama," akasema. "Hizo nyingine sikuahidi." Nikaona amenitendea haki.

Kibao nilichokivika shingoni

Nimesema nitarudi kwenye somo, nalo lanihusu mimi kwanza.

Nilipotoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipangiwa shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja. Kulikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili nje ya kipindi chake, au Kinyamwezi wakati wowote, alivikwa shingoni hadi amsikie mwenzake akikosea ampasie. Jioni aliyekutwa nacho aliadhibiwa. Mwalimu wa zamu alikuwa mimi mara nyingi, na nilikuwa mwalimu wa Kiswahili! Nililiona kuwa jambo la nidhamu, tena la maendeleo.

Kulikuwa na mvulana kutoka upande wa Sikonge, mtoto wa mrina asali. Usiku bwenini aliwategea wenzake vitendawili kwa Kinyamwezi, nao hucheka mpaka taa zinazimwa. Nilimvika kibao siku tatu mfululizo. Siku ya nne alinyamaza, si kwa Kinyamwezi tu. Alinyamaza kwa lugha zote hadi alipomaliza kidato cha nne. Nilimwandikia katika ripoti kwamba tabia yake imetengemaa.

Nilipomwona Jettel akimfokea Owuor kwa sababu hakijui Kijerumani, sikumwona mzungu. Nilijiona mimi. Na nilipoona mtoto wa Ethiopia akitafuta mtu wa kumwandikia barua ya Kiamhari, nilimkumbuka mama yangu katika miezi yake ya mwisho, Kiswahili kilipokuwa kimemtoka akabaki na Kinyamwezi peke yake. Mjukuu wangu, ambaye sasa yuko chuo kikuu Dodoma, alikuwa akiingia asubuhi na kumwamkia "shikamoo". Mama hujibu "mwangaluka", kisha huongeza maneno mengine marefu, taratibu, huku amemshika mkono. Kijana hunigeukia: "Bibi, anasemaje?" Nilimtafsiria niliyoweza. Mengine sikuyaweza hata mimi, maana na mimi nilivikwa kibao shuleni, na nyumbani sikuwasemesha wanangu lugha ile nikiogopa wataharibikiwa masomo.

Kwa hiyo, kijana wangu mshairi, jibu langu la kweli ni hili. Tazama filamu hizo, ukianza na ile ya Kenya. Usiitazame kwa tafsiri ya Kiingereza pekee kana kwamba Kiswahili kilichomo si chako. Shika kalamu, andika maandishi ya chini ya Kiswahili sanifu, uwape watu wa kijiweni. Nchi hii imekuwa na mafundi wa kutafsiri filamu kwa mdomo katika vibanda vya video, ambao wasomi tuliwacheka. Wao walijua kabla yetu kwamba mtazamaji hujiona ndani ya hadithi pale tu anaposikia lugha yake. Ukimaliza, kaa na bibi yako au babu yako, uwashe simu, umrekodi. Ben-Yehuda hakusubiri baraza. Alianza mezani kwake.

Nawaachia beti mbili, kisha naomba mawazo yenu, hata ya kunipinga.

Nimetazama wageni, wakilia kwa sauti,
Nikakumbuka nyumbani, mama kwenye chake kiti,
Na maneno ya zamani, yanayopitwa wakati,
Wapeni wana nyumbani, msiyangoje mauti.

Lugha nyumba ya moyoni, si matofali na bati,
Huenda nawe njiani, wala haiombi hati,
Ukiitupa shimoni, mjukuu haipati,
Wapeni wana nyumbani, msiyangoje mauti.

Mwalimu mstaafu, Gongoni, Tabora